Mzigo Kichwani, Mbwa Nyuma

Kwa miongo mingi picha za mkulima maskini wa kaskazini mashariki ya Brazili ziliuzwa gulioni, kando ya magunia ya unga wa muhogo na mafungu ya pilipili. Hazikuwa na fremu. Zilikuwa majalada ya vijitabu vyembamba vya mashairi, viitwavyo kordeli, vimeanikwa kwenye kamba au vimepangwa juu ya sanduku lililofunguliwa, na bei yake ilimlenga mtu aliyebakiwa na chenji kidogo baada ya kununua chumvi na mafuta ya taa. Aliyetunga shairi, aliyechonga picha na aliyeuza mara nyingi alikuwa mtu mmoja, naye hakuwa na kituo: leo gulio hili, kesho lile, sanduku begani.

Hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Kwenye makumbusho ya Ulaya nimewahi kuziangalia chapa za ombaomba na wazururaji za kina Jacques Callot na Rembrandt, kazi za karne ya 17 ambazo mtu hachoki kuzitazama. Rembrandt hata alithubutu, mwaka 1630, kumpa ombaomba mmoja sura yake mwenyewe. Hata hivyo, ukikaa nazo kitambo unamhisi mchoraji amesimama mlangoni kwake, anamwangalia mtu anayepita. Mimi nilitaka kuona chapa aliyoichonga huyo anayepita.

Recife nilipokelewa na kijana wa Mocímboa da Praia, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, anayesomea uhandisi huko kwa ufadhili. Kiswahili chake ni cha mwambao wa Cabo Delgado, kina Kimwani ndani yake na Kireno cha kutosha, lakini tulielewana tangu salamu. Kireno changu mimi ni cha kuombea maji na kuulizia choo. Yeye hakuwa amewahi kwenda bara ya jimbo lile la Pernambuco, na nilipomweleza habari za vijitabu alicheka sana. “Dada, umevuka bahari yote ile kufuata vitabu vya gulioni?” Lakini alikuja, tena kesho yake alifika kituo cha basi kabla yangu.

Barabara ya BR-232 inatoka Recife kwenda magharibi, na ukikaa dirishani unaweza kuusoma umaskini wa sehemu hii ya nchi kwa mpangilio wake. Kwanza miwa. Ukanda wa pwani wenye mvua na udongo mzuri ulitwaliwa na mashamba ya sukari tangu karne ya 16, na walioyalima walikuwa watumwa waliosafirishwa kutoka Afrika. Brazili haikufuta utumwa mpaka mwaka 1888. Miwa ingalipo, imesogea hadi ukingo wa lami. Kisha basi linapanda Serra das Russas, masikio yanaziba, joto linapungua, na ukifika Gravatá umeshaingia Agreste, nchi ya katikati: vishamba vya muhogo na maharage, ng'ombe wawili watatu, nyumba yenye tangi la kukingia maji ya mvua. Mbele yake, kwa mamia ya kilomita, kuna Sertão, nchi ya vichaka vya miiba na madungusi kakati, ambako mvua huja ikipenda. Asiyepata ardhi kwenye miwa alisogea ndani. Aliyeshindwa na ukame huko ndani alirudi pwani kwa miguu. Watu wamepishana kwenye njia hii kwa vizazi.

Huyo anayekimbia ukame wanamwita retirante, na hakuna familia ya huku isiyokuwa naye. Ukame wa 1877 hadi 1879 ulizoa watu kwa mamia ya maelfu, kwa njaa na kwa ndui iliyofuata njaa. Ulipokuja ukame wa 1915, na tena wa 1932, mamlaka za jimbo la Ceará ziliwaweka wakimbizi kambini chini ya ulinzi ili wasiujaze mji wa Fortaleza. Mwaka 1932 kambi nyingi ziliwekwa kando ya reli, wanaposhukia watu. Baadaye yakaja malori, mbao zimepigiliwa kwenye bodi ziwe viti, turubai juu. Desemba 1952 mama mmoja wa vijijini Garanhuns, jimbo hili hili la Pernambuco, aliwapakia watoto wake kwenye lori la namna hiyo wakasafiri siku 13 kumfuata baba yao pwani ya São Paulo. Mmoja wa watoto hao, mwenye miaka saba, alikuwa Luiz Inácio Lula da Silva, aliyekuja kuwa rais wa Brazili.

Bezerros iko kilomita 100 na kidogo kutoka Recife. Karakana ya mchongaji J. Borges, ambayo ni makumbusho na duka pia, iko kando ya barabara ile ile, na rangi zake haziruhusu uipite bila kugeuka. Mwenyewe alifariki Julai 2024 akiwa na miaka 88. Watoto wake na wanafunzi wake wanaendelea, na wino haujakauka.

José Francisco Borges alizaliwa hapa Desemba 1935 kwa wazazi wakulima. Shule aliisoma miezi kumi tu. Alifanya vibarua vya shamba, akasuka vikapu, akafinyanga vyungu, akawa fundi mwashi, akawa seremala, kabla ya kuingia barabarani na vijitabu vya kordeli vya watunzi wengine. Mwaka 1964 alitoa cha kwake cha kwanza, kisa cha wachunga ng'ombe wawili waliokutana Sertão ya Petrolina. Jalada alichongewa na Dila, fundi wa Caruaru. Cha pili kilihusu onyo la Frei Damião, mtawa wa Kiitalia aliyezunguka vijiji vya kaskazini mashariki akihubiri hadi uzeeni. Safari hii Borges hakuwa na hela ya kumlipa mchongaji. Akatafuta kipande cha ubao akachonga mwenyewe. Yote yaliyofuata, ya maonyesho ya Ulaya na Marekani, ya Eduardo Galeano wa Uruguay kumtafuta amchongee picha za kitabu chake cha mwaka 1993, ya Lula kumpelekea Papa Francis chapa ya Familia Takatifu mwaka 2023, yalianzia kwenye ukata wa siku ile.

Ndani palikuwa na kijana anachapa. Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye, naye hakujali. Ubao ulikuwa umelala mezani, umelainishwa kwa randa na msasa, mchoro umeshachongwa. Kanuni yake ni rahisi kuisema: kilichochimbwa kitabaki cheupe, kilichoachwa kitashika wino. Ugumu uko mkononi. Alimimina wino mweusi juu ya kioo, akaupitisha rola huku na huku mpaka ukaanza kutoa mlio mwembamba wa kunata. Mlio huo ndio unaomwambia kwamba wino umekuwa sawa, maana ukiwa mzito unaziba mistari, ukiwa mwepesi unaacha mabaka. Akapitisha rola ubaoni. Rangi nyingine, nyekundu ya gauni na kijani cha mti, alizitia kwa rola ndogo mahali pake juu ya ubao ule ule. Wachapaji wengi hutumia ubao mmoja kwa kila rangi. Huku wanamaliza kazi yote na ubao mmoja, na ndiyo maana hakuna nakala mbili zinazofanana kabisa, kwani daima nyekundu itavuka mpaka kidogo. Akalaza karatasi, akaisugua mgongoni kwa kijiko cha mbao, kwa duara ndogo ndogo, akianzia katikati. Kisha akashika pembe moja akaivuta taratibu. Aliivuta bila hata kuitazama, akaiangika kwenye kamba kwa kibanio cha nguo.

Maneno ya kichwa cha picha yamechongwa kinyumenyume ubaoni ili yakichapwa yasomeke. Kwa mtu wa miezi kumi ya shule, hilo lilikuwa somo la kujifunza kusoma mara mbili.

Mti wa kazi hii ni umburana. Una ubao laini, hauna nyuzi za kukaidi patasi, na ukikauka haupasuki ovyo. Nilipouliza jina lake la kisayansi nilifurahi kuliko inavyostahili: ni Commiphora, ukoo mmoja na manemane na ile miti ambayo Dodoma na Singida tunaikata matawi na kuyachomeka ardhini yawe uzio unaochipua. Zana nazo ni za kujitafutia. Kuna visu vilivyonolewa mpaka vikabaki nusu, kuna misumari iliyopondwa ncha, na wako wachongaji wa zamani waliotengeneza patasi za mistari myembamba kwa mbavu za mwavuli uliochakaa.

Chapa iliyonishika zaidi ilikuwa ya wahamaji wa ukame. Mandhari hii imechongwa karakana hii mara nyingi sana, kila fundi ana yake. Watu wanatembea kwa mstari kutoka kulia kwenda kushoto, weusi tititi, macho ni mikato miwili ya patasi. Baba ametangulia na jembe. Mama anafuata, furushi kichwani, mtoto kiunoni. Nyuma yao mtoto mkubwa kidogo amebeba tundu la ndege, kisha punda aliyesheheni, na mwisho kabisa mbwa. Ardhi ni mstari mmoja tu. Hakuna mawingu, hakuna mlima, hakuna jua la kusikitisha linalozama. Jua liko juu yao, limechongwa na uso wa mtu.

Mwenzangu aliitazama kimya, kisha akauliza kitu ambacho kisingenijia kamwe. “Sufuria iko wapi?”

Nilidhani anatania. Kijana wa rola alikuja, mikono myeusi ya wino, akaonyesha kwa kidevu: chini ya furushi la mama, imefungwa kwa kamba, kuna duara dogo lenye mpini. “Basi huyu anajua,” mwenzangu akasema. Halafu akanieleza, bila kubadilisha sauti, kwamba mama yake na wadogo zake walitoka Mocímboa mwaka 2020, vita vilipoingia mjini, wakaenda Pemba kwa jahazi pamoja na majirani. Mama alibeba sufuria, kanga mbili na vyeti vya shule vya watoto ndani ya mfuko wa plastiki. Godoro waliliacha. Dada yake mdogo alilia njiani kwa sababu ya godoro. “Mtu asiyehama,” alisema, “akichora wanaohama hatachora sufuria. Atachora machozi.”

Niliyakumbuka maneno hayo kwa sababu nilikuwa nimeutazama sana, vitabuni, mchoro mkubwa wa rangi za mafuta wa Candido Portinari kuhusu wahamaji hao hao, aliouchora mwaka 1944 na ambao uko kwenye makumbusho ya MASP, São Paulo. Ni kazi nzito. Watu wamebaki mifupa, mtoto ana tumbo la minyoo, mzee ana kifua kama kizimba, ndege weusi wamejaa angani. Portinari hakuwa mtoto wa tajiri. Wazazi wake walikuwa Waitaliano waliokuja kulima kahawa, na utotoni aliwaona wahamaji wakipita. Sitaki kumdogosha. Lakini mchoro wake unamwambia mtazamaji afanye kitu, aone aibu, apige kura, alie. Chapa ya Bezerros haimwombi mtazamaji lolote, maana haikuchongwa kwa ajili ya mtazamaji wa aina hiyo. Ilichongwa auziwe mtu ambaye ameshatembea njia ile, na mtu huyo hahitaji kuambiwa kwamba ukame ni mbaya. Anataka kuona kama gauni limechongwa vizuri, kama punda amebeba mzigo unaobebeka, na kama mbwa yupo. Gauni la mama yule lilikuwa na maua. Fundi alikuwa ametoboa ua moja moja, madoa meupe kwenye weusi, na ukifikiria muda wa kuchonga maua yale kwenye ubao unajua kwamba kwake mama huyo hakuwa mfano wa dhiki. Alikuwa mama aliyevaa gauni zuri siku ya safari.

Wapo wanaolalamika kwamba Bezerros imekuwa kiwanda cha kumbukumbu za watalii, na kweli dukani kuna vigae, fulana na sumaku za friji zenye wahamaji wale wale. Mimi sikuudhika. Kuna kichekesho, ndiyo, mtu aliyekimbia njaa kuishia kwenye mlango wa friji. Lakini fedha ya sumaku inalala Bezerros, na si kila msanii wa kijijini duniani anaweza kusema hivyo.

Caruaru iko karibu, mwendo mfupi wa basi, na gulio lake liliingizwa kwenye urithi wa taifa mwaka 2006. Ukubwa wake unachosha. Unapita nguo, unapita mitishamba, unapita vyuma chakavu, mpaka upate kona ya vijitabu. Hapo alikaa mzee mmoja na meza yake, na tulipomsalimia aliinuka, akavua kofia, akaanza kughani bila kuombwa. Masikio yangu ya Kiswahili yalianza kuhesabu mizani yenyewe. Beti za kordeli zilizozoeleka zina mistari sita, kila mmoja mizani saba kwa hesabu yao, na vina vinaangukia mstari wa pili, wa nne na wa sita. Utenzi wetu una mistari minne, mizani minane, na kina cha mwisho kinachotembea shairi zima. Lakini kazi ni ile ile: kumbeba msikilizaji asiyejua kusoma mpaka mwisho wa kisa kirefu bila kumdondosha. Mzee alisimulia Lampião, jambazi mkuu wa Sertão aliyeuawa Julai 1938, na alipofika penye mapambano makali alinyamaza, akaketi, akafunika meza kwa kitambaa. Mwenzangu alimsihi amalizie. Mzee alionyesha bei. Hiyo ndiyo hila ya zamani ya wachuuzi wa kordeli, na inafanya kazi mpaka leo, tulinunua.

Ni yeye aliyenieleza jambo lililonivuruga. Nilimsifia majalada ya mbao, naye akanitazama kwa huruma. Zamani, alisema, wateja wake wa shambani hawakuyapenda. Walipenda majalada yenye picha zilizochapwa kwa bamba za zinki: bwana na bibi wamekumbatiana kwenye kadi ya posta, nyota wa sinema, malaika. Hao walionekana watu wa maana. Jalada la mbao lilikuwa la mchapaji aliyeko mbali na mji, asiye na pesa ya kuagiza zinki Recife, na mnunuzi alilijua hilo. Baadaye nilikuta watafiti wa kordeli wanasema vivyo hivyo. Leandro Gomes de Barros, aliyefanya vijitabu hivi kuwa biashara kubwa Recife mwanzoni mwa karne ya 20 na kufariki mwaka 1918, hakutegemea kabisa chapa za mbao. Zilienea bara kwa sababu ya uhaba, na zilipoanza kusifiwa, waliozisifu walikuwa maprofesa na wakusanyaji wa mjini. Kuanzia miaka ya 1960, redio zilipoingia vijijini na wasomaji wenyewe wakahamia São Paulo na Rio, vijitabu vilidorora. Picha zikakatwa kutoka majaladani, zikakuzwa, zikaingia kwenye fremu. Mwandishi wa tamthilia Ariano Suassuna alimpigia Borges debe wakati huo huo, miaka ya 1970, na wanunuzi wakaja na magari.

Kwa hiyo maskini hakutaka kununua picha ya maskini. Nilikaa na hilo usiku mzima ndani ya basi, tukielekea Salgueiro na kisha kaskazini. Mwanzoni lilinikatisha tamaa, kwa kuwa lilikuwa linabomoa hoja yangu niliyoipenda. Halafu nikafikiri juu ya lile gauni la maua. Mchongaji alimjua mteja wake. Alijua anataka uzuri, na kwa kuwa zinki hakuwa nayo, aliutia uzuri kwenye alichokuwa nacho. Sidhani kama wakusanyaji wa mjini waligundua kwamba walichokuwa wanakipenda ni jitihada za fundi kuufukuzia uzuri wa kadi ya posta kwa kisu.

Juazeiro do Norte, kusini mwa Ceará, ni mji uliojengwa na watu waliotembea. Padre Cícero, aliyefariki mwaka 1934, alikuwa kasisi wa mahali hapa palipokuwa bado ni kijiji. Habari za muujiza zilipoenea mwaka 1889, wahamaji wa ukame na mahujaji walianza kumiminika, na wengi hawakurudi walikotoka. Roma haikuutambua muujiza, kasisi akasimamishwa kazi za madhabahu, watu wakaendelea kuja. Sanamu yake ya mita 27, iliyozinduliwa mwaka 1969, inausimamia mji kutoka kilima cha Horto, na miguuni pake wanauza kila kitu kinachoweza kubarikiwa.

Miongoni mwa waliokuja ni José Bernardo da Silva, mtu wa Alagoas aliyekuwa mchuuzi wa mitishamba na vijitabu. Alianzisha kiwanda cha kuchapa, na mwaka 1949 akanunua haki za mashairi ya mchapaji mkubwa wa Recife, kikawa kiwanda kikuu cha kordeli. Kiwanda chake hakijafa. Kinaitwa Lira Nordestina na kiko chini ya chuo kikuu cha eneo hilo. Mashine za chuma zilizopitwa na wakati zimesimama sakafuni, masanduku ya herufi za risasi yako ukutani. Mwingine aliyekuja ni Mestre Noza, kijana wa Pernambuco aliyefika kwa miguu pamoja na mahujaji, akawa mchonga sanamu ndogo za Padre Cícero, mpini wa bastola, muhuri, chochote alichoagizwa, na majalada ya kordeli. Mwaka 1965 chapa zake za Njia ya Msalaba zilichapishwa kitabu Ufaransa. Nilizitazama nakala zake kwa muda mrefu. Yesu wa Noza ana mwili mfupi, kichwa kikubwa, na anaubeba msalaba kwa namna ambayo mtu hubeba gogo la kuni, uzito umelalia bega, mkono mmoja unausawazisha. Noza aliwahi kubeba kuni.

Wachongaji vijana wapo, na wanawake wamekuwa wengi kuliko zamani. Tulimkuta mmoja barabarani karibu na soko, meza yake chini ya mwavuli, anachonga kipande cha MDF, ubao wa kiwandani, badala ya umburana kwa sababu, alisema, MDF inauzwa dukani na umburana inabidi uifuate porini. Alikuwa akimchonga msafirisha chakula wa pikipiki, sanduku la mraba mgongoni. Nilimuuliza kama huyo naye ni retirante. Alishangaa swali. Kaka yake anafanya kazi hiyo São Paulo, akasema, na sanduku lile ni lake mwenyewe, hakupewa na kampuni.

Mwenzangu akachuchumaa mbele ya meza. Akauliza kama anaweza kumchongea jahazi.

Dada yule hakuwahi kuliona jahazi. Aliomba achorewe, akachorewa nyuma ya risiti: tanga la pembetatu, mlingoti umeinama mbele, watu wamejaa. Akauliza tanga lina viraka au halina. Lina viraka. Akauliza walibeba nini. Mwenzangu akaanza: sufuria, kanga, mfuko wa vyeti, dumu la maji, mkeka, redio ya jirani, cherehani ya jirani mwingine, bibi mmoja aliyekuwa na mbuzi. Dada akainua kalamu. “Ubao una mwisho,” akasema. “Chagua vitano.”

Ilichukua muda kuchagua. Redio ilitoka, ikarudi, ikatoka tena. Cherehani ilibaki kwa sababu ina umbo zuri. Kisha dada akauliza kuhusu mbwa; picha ya wahamaji bila mbwa wateja wataiona pungufu.

“Sisi ni watu wa pwani, Waislamu,” mwenzangu akamweleza. “Kwenye jahazi hatupandi na mbwa.”

“Sasa mwishoni nitaweka nini?”

Alifikiri. “Weka kuku.”

Akaandika kuku, akataja bei, akadai nusu kabla ya kukata ubao, na mwenzangu akamlipa bila kubishana.